Skrini ya bluu humtaja marehemu, haimtaji muuaji

Swali: Shikamoo fundi. Nina steshenari ndogo Morogoro, jirani na chuo. Kompyuta yangu ya kazi ni desktop ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha nne. Ilikuja na RAM ya GB 4, nikaongeza stiki ya GB 8 ya mtumba kwa sababu Chrome ilikuwa inailemea. Wiki tatu baadaye ikaanza kuleta skrini ya bluu. Leo inaandika MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, siku nyingine PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Mara nyingine haizimi, ila Word inajifunga yenyewe. Kuna mitihani nilichapa, nikaibana kuwa zip nikamtumia mwalimu, akasema haifunguki. Fundi wa kwanza amepiga Windows mara tatu, na kila akipiga inakaa vizuri siku nne tano halafu inarudi palepale. Wa pili anasema mazabodi imekufa. Wa tatu anasema ni virusi. Nimeshatoa karibu laki moja. Nani mkweli, na nianzie wapi kabla sijatoa hela nyingine? Na yule wa kwanza, kaniibia?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa hasara. Kabla sijaeleza lolote, shika hili: asipige mtu Windows tena kwenye mashine hiyo, hata akisema anapiga bure.

Kila faili la Windows linapotoka kwenye flashi kwenda kwenye diski hupitia kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine. Kama RAM inageuza herufi njiani, kilichogeuzwa ndicho kinachoandikwa kwenye diski, na kitabaki hapo hata ukija kubadilisha RAM yenyewe. Unapata Windows mpya iliyozaliwa na kilema. Halafu kuna jambo la ushahidi. Kila skrini ya bluu inapotokea, Windows huacha faili dogo lenye habari za dakika ile ya mwisho. Fundi akifomati na kupiga upya, anafuta na hayo. Ni kama kudeki damu sakafuni kabla askari hawajafika, halafu unamwita askari aje atafute muuaji.

Sasa barua yako. Kilichonifanya niwaweke virusi kando ni kwamba ugonjwa wako hauna ratiba. Msimbo, yaani yale maneno ya herufi kubwa kwenye skrini ya bluu, unabadilika kila siku, Word inaanguka bila kugusana na chochote, zip inaharibika. Programu mbovu kwa kawaida ina ratiba. Wewe mtu wa steshenari labda unakumbuka Machi 2021, pale sasisho moja la Windows lilipofanya kompyuta nyingi zianguke mtu akibonyeza tu kuprinti. Msimbo ulikuwa uleule, APC_INDEX_MISMATCH, na faili lililotajwa lilikuwa lilelile, win32kfull.sys. Usipoprinti, mashine nzima kabisa. Ugonjwa wa namna hiyo unaufuata kwenye nyayo zake. Wako unaruka huku na huku, na kuruka kwenyewe ndiko kunakoniambia kitu: inaelekea kumbukumbu ya mashine inachafuka, na kila anayekuja kusoma pale palipochafuka anaanguka.

Ninaposema kuchafuka namaanisha hivi. Kila kitu kinachofanya kazi kwenye kompyuta, barua unayochapa, ukurasa wa Chrome, Windows yenyewe, kimekaa kwenye RAM kama msururu wa sifuri na moja. Kila sifuri au moja ni biti. GB 12 zako ni biti zaidi ya bilioni 103. Kila biti ni kapasita ndogo mno, mfano wa kindoo kinachovuja: kujaa kwake kuna maana moja, kukauka kwake kuna maana nyingine. Kwa kuwa vyote vinavuja, mashine huvipitia na kuvijaza upya ndani ya kila milisekunde 64. Kindoo chenye tundu kubwa kuliko wenzake hakivumilii hadi zamu yake ifike. Na joto huongeza uvujaji, ndiyo maana mashine yenye ugonjwa huu huamka salama asubuhi ikaanza vituko saa nane mchana, feni ikiwa imejaa vumbi na bati juu linachemka.

Angalia madhara ya kindoo kimoja. Neno *baba* kwenye RAM linakaa hivi:

01100010 01100001 01100010 01100001

Geuza biti moja tu, ya tatu kutoka kulia katika herufi ya pili:

01100010 01100101 01100010 01100001

Hiyo ni *beba*. Hakuna kilichopiga kelele, na hakuna taa nyekundu iliyowaka. Kwenye namba ni balaa zaidi, maana 0 na 8 zinatofautiana kwa biti moja. Alama 40 ya mwanafunzi inaweza kulala 40 ikaamka 48, na Word haitasema kitu kwa sababu 48 nayo ni namba halali. Zip yako ililalamika kwa kuwa zip hubeba hesabu ya kujikagua: inapofunguliwa inajumlisha upya, jumla isipolingana na ile iliyoandikwa, inakataa. Faili nyingi za kawaida hazina mkaguzi wa namna hiyo kwa kila kitu. Kwa hiyo usidhani kwamba zip ndiyo iliyotangulia kuugua. Hiyo ndiyo iliyotangulia kusema.

Sasa geuza biti hiyohiyo, lakini safari hii isiwe kwenye neno la mtihani, iwe kwenye anwani ambayo Windows inaitumia kwenda kuchukua kitu. Windows inagonga mlango wa chumba kisichokuwepo: PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Ikigeuka kwenye daftari ambalo Windows hutunzia hesabu za kumbukumbu: MEMORY_MANAGEMENT. Anwani iliyoharibika ikiangukia mikononi mwa draiva (programu inayoendesha kifaa kama printa au kadi ya mtandao) iliyo katikati ya kazi isiyoruhusiwa kusubiri: IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Misimbo mitatu, risasi moja. Skrini ya bluu inakuandikia jina la aliyeanguka na mahali alipoangukia. Aliyefyatua anaweza kuwa aliondoka dakika kumi zilizopita.

Wasiotaka kuamini kwamba biti moja inatosha, nawapeleka Ubelgiji. Katika uchaguzi wa tarehe 18 Mei 2003, kwenye manispaa ya Schaerbeek jijini Brussels, mgombea mmoja alionekana amepata kura nyingi kuliko ilivyowezekana kihesabu. Walipohesabu upya, zilizozidi zilikuwa 4,096 kamili. Fundi yeyote akiiona namba hiyo anakaa wima, kwa sababu 4,096 ni mbili iliyozidishwa yenyewe mara 12, yaani thamani ya biti ya kumi na tatu peke yake. Programu ilikaguliwa, kosa halikuonekana. Maelezo yaliyobaki ni kwamba biti moja iligeuka yenyewe.

Visa kama hicho husingiziwa miale itokayo angani, na kweli ipo. Lakini kwa mashine ya steshenari nakuomba usiende mbali hivyo. Utafiti uliofanywa kwenye seva za Google na kutolewa mwaka 2009 ulikuta kwamba kila mwaka zaidi ya asilimia 8 ya stiki za RAM zilipata angalau hitilafu moja, na kwamba hitilafu za kudumu, za kifaa chenyewe kuharibika, ndizo zilizotawala. Mwale wa angani unapita mara moja na kwenda zake. Ugonjwa wako unarudi kila wiki, kwa hiyo kitu kibovu kimo ndani ya boksi.

Kimo wapi? Hapa ndipo wenzangu wengi wanapokosea, hata mimi. Kumbukumbu inaweza kuchafuliwa na kifaa, au ikachafuliwa na programu, na picha kwenye skrini zikafanana. Programu za kawaida kama Word haziwezi kuingia kwenye vyumba vya wenzao, Windows imezizuia. Draiva zinaweza, kwa sababu zinakaa ndani kabisa pamoja na kerneli, moyo wa Windows. Mfano wa draiva mbovu ni mpangaji aliyehama lakini akachongesha ufunguo wa ziada. Chumba kimeshapangishwa kwa mtu mwingine, yeye usiku anaingia na kuhamisha vitu akidhani bado ni kwake. Asubuhi mpangaji mpya anapiga yowe, na jina linaloandikwa polisi ni la mpangaji mpya. Tarehe 19 Julai 2024 kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani zilianguka kwa sababu ya sasisho la programu ya ulinzi ya CrowdStrike. Draiva yake ilinyoosha mkono kuchukua kitu cha 21 wakati ilipewa 20 tu, ikashika hewa. Msimbo uliojitokeza ni PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, uleule ulioniandikia wewe. Hapo RAM haikuwa na hatia yoyote. Kwa hiyo anayesoma msimbo tu na kukuambia "nunua RAM" anabahatisha sawa na anayesema virusi.

Twende kwenye kazi yenyewe. Fungua folda ya C:\Windows\Minidump, ndimo yanamokaa yale mafaili madogo ya skrini ya bluu. Kama Windows ya mwisho imeshaanguka mara kadhaa, utakuta mafaili yenye tarehe kwenye majina yao. Yanakili kwenye flashi kabla ya kitu kingine chochote. Kisha pakua programu ndogo ya bure ya NirSoft iitwayo BlueScreenView, itakupangia maanguko yote kwenye jedwali, na safu moja inataja faili linalodhaniwa kuwa chanzo. Ukiona draiva moja ileile kila safari, tuseme ya kadi ya mtandao au ya antivirusi, una mshukiwa. Ukiona majina tofauti tofauti, na katikati ntoskrnl.exe inajirudia, usikimbilie kulaumu ntoskrnl. Hiyo ndiyo kerneli ya Windows. Inatajwa kwa sababu ndiyo iliyokuwa imebeba mzigo ulipodondoka.

Mwenye bando la kutosha aende hatua moja mbele. Kuna chombo cha Microsoft, WinDbg, bure pia. Unafungulia faili la minidump humo, unaandika `!analyze -v`, unasubiri. Matokeo ni marefu, usiogope, wewe tafuta mstari wa FAILURE_BUCKET_ID. Ukikuta MEMORY_CORRUPTION_ONE_BIT, kaa chini unywe maji. Chombo hicho kimechukua maagizo ya Windows yaliyokuwa kwenye RAM mashine ilipoanguka, kikayalinganisha na nakala halisi iliyoko kwa Microsoft, na kikakuta tofauti ya biti moja. Sehemu hiyo ya Windows haipaswi kubadilika kamwe inapofanya kazi. Draiva iliyopotea njia kwa kawaida huandika baiti (kundi la biti nane) nzima nzima, nne, nane, sitini na nne. Kuingia, kugeuza biti moja na kutoka bila kugusa jirani, hiyo ni tabia ya kifaa kibovu. Mstari huo ukijirudia kwenye mafaili mawili matatu, mimi sihitaji tena kusikia habari za virusi.

Kama WinDbg ni mzigo, lipo jaribio la mtu maskini ambalo nalipenda kuliko yote. Tafuta faili kubwa, filamu ya GB 5 au 6, au faili la Windows lile la ISO. Fungua dirisha jeusi la amri, andika `certutil -hashfile`, acha nafasi, weka jina la faili, halafu nafasi tena na SHA256. Utapata mstari mrefu wa herufi na namba. Upige picha. Washa mashine upya, rudia amri ileile kwa faili lilelile, mara tatu nne. Faili halijaguswa, kwa hiyo jibu lazima liwe lilelile hadi herufi ya mwisho. Likitofautiana hata mara moja, mashine yako haijui kusoma kitu kimoja mara mbili kikabaki kilekile, na kutoka hapo mjadala wa Windows na virusi umekwisha. Kuwasha upya katikati ni muhimu: usipofanya hivyo, Windows inaweza kukusomea nakala iliyobaki kwenye RAM, na kosa lile likajirudia sawasawa likakudanganya.

Jaribio hilo linakuambia kwamba kuna ugonjwa, halisemi uko kiungo gani. Kwa hilo tunakwenda kwenye Memtest86+, programu ya bure inayowaka kutoka kwenye flashi kabla Windows haijaamka. Itengeneze flashi hiyo kwenye kompyuta ya jirani. Nasema hivi kwa sababu nimeona mtu akiitengenezea kwenye mashine mgonjwa, flashi ikatoka imeharibika, tukapoteza siku mbili. Windows nayo ina kipimo chake, andika `mdsched`, lakini ushauri wangu ni huu: kikisema RAM mbovu, kiamini, kikisema nzima, usilale usingizi.

Uiache Memtest ifanye kazi usiku kucha. Inaandika mpangilio fulani kwenye RAM yote, inausoma, inabadilisha mpangilio, inaandika tena. Inahangaika hivyo kwa sababu kuna vindoo vinavyovuja tu pale majirani wanapokuwa na thamani fulani. Mzunguko mmoja hautoshi, nenda hadi minne. Usifungue mfuniko wa mashine ili ipate hewa, unataka ipimwe kwenye joto lilelile inalougulia. Umeme ukikatika hujaharibu chochote, anza upya. Na idadi ya makosa inayokubalika ni sifuri. Msemo wa "limetokea moja tu" sitaki kuusikia, kumbuka Schaerbeek.

Mistari myekundu ikitokea, isome, usiishie kushtuka. Kila mstari unataja anwani, thamani iliyotarajiwa na thamani iliyokutwa. Tuseme ilitarajiwa 00000000 ikakutwa 00000400, na chini yake tena 00000400, na tena, kwa anwani zinazokaribiana. Hiyo ni biti moja, mahali pamoja: chipu moja kwenye stiki moja imeoza. Lakini ukiona anwani za kila pembe na biti za kila aina, punguza mwendo. RAM inaweza kuwa nzima na kinachoilisha ndicho kibovu.

Hapa nina deni la kukiri. Miaka ya nyuma nililetewa mashine ya mhasibu, Memtest ikawa nyekundu kama shamba la nyanya. Nikatangaza RAM imekufa. Mteja akanunua stiki mbili mpya, nikaweka, nyekundu vilevile. Usiku ule ndipo nilipochomoa pawa saplai ya mashine nyingine nikaipachika, nikarudisha RAM zake za zamani, zikapita mizunguko yote hadi asubuhi bila kosa. Pawa saplai ilikuwa inatoa umeme unaoyumba. Zile stiki mpya nilizilipa kutoka mfukoni mwangu. Tangu siku hiyo sitoi hukumu kabla ya kubadilishana vifaa.

Kwako wewe kubadilishana ni rahisi, una stiki mbili. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha boksi kabla hujagusa stiki. Ondoa ile ya GB 8, acha ya GB 4 peke yake, pima. Kisha ya GB 8 peke yake kwenye tundu lilelile. Halafu zote mbili kwa zamu kwenye tundu la pili. Kosa likimfuata mtu, yaani kila ilipo GB 8 kuna nyekundu, kesi imekwisha. Likifuata tundu, stiki yoyote ikikaa hapo inaugua, basi yule fundi wa mazabodi ana hoja, ingawa tundu hilo unaweza kuliacha tupu ukaendelea na maisha. Kila moja ikipita peke yake na zikikataa zikiwa pamoja, hazipatani. Na zikikataa zote kila mahali, azima pawa saplai kwanza kabla hujaitukana RAM.

Fanya kipimo cha kwanza kabla hujachomoa kitu. Mafundi wetu wakishika stiki huanza kwa kusugua meno yake ya dhahabu kwa raba na kuirudisha, na mara nyingi kweli mashine inapona, kwa kuwa ilikuwa na vumbi au haikukaa vizuri. Ila ukisugua kabla ya kupima, ikipona hujui imeponea nini, na ikirudi baada ya mwezi unaanza moja. Pima, sugua, pima. Na usipulize kwa mdomo, mate hayasaidii dhahabu.

Ukiwa umeishika mkononi, soma karatasi iliyobandikwa. Kizazi chako cha nne kinatumia DDR3. Utaona kitu kama PC3-12800 au PC3L-12800. Ile L ina maana inatumia volti 1.35 badala ya 1.5. Desktop yako kwa kawaida inazivumilia zote, lakini laptop za kizazi hicho zinataka L, na watu huzichomekea zisizo na L kisha wanalia. Mwishoni mwa namba kukiwa na herufi R, hiyo ni RAM ya seva na haikuwa yako tangu mwanzo. Bodi nayo ikiwa na uwezo wa kuikimbiza RAM kasi kuliko kawaida yake, uzime huo mwendo wa ziada kwenye BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows, wakati wa kupima.

Tuseme sasa RAM zote zimepita usiku nne mfululizo. Hapo ndipo tunamgeukia yule mpangaji mwenye ufunguo wa ziada. Ondoa kwanza antivirusi ya ziada, VPN na programu za kuchezea kasi ya mashine, maana hizo ndizo zinazopenda kuingiza draiva ndani kabisa. Ikiendelea, Windows ina mtego unaoitwa Driver Verifier, unauwasha kwa kuandika `verifier`. Unachagua draiva zisizo za Microsoft, na kutoka hapo Windows inazipa kila moja chumba kilichojengwa ukingoni mwa shimo: ikikanyaga hata baiti moja nje ya mpaka, inatumbukia papo hapo na jina lake linaandikwa. Safari hii marehemu na muuaji ni mtu mmoja. Mashine itakuwa nzito na itaanguka zaidi, hiyo ndiyo kazi yake. Ikigoma hata kuwaka, ingia kwenye Safe Mode, hali ya Windows kuwaka na draiva chache tu, uandike `verifier /reset`. Bila kujua amri hiyo usiuwashe kabisa.

Diski niitaje kwa haraka: ingekuwa yenyewe, ningetegemea uone KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR mahali fulani, na mashine ikiganda wakati wa kufungua mafaili. Hujaniambia hivyo. Ipime kwa CrystalDiskInfo, dakika moja, upite.

Wakati uchunguzi unaendelea, usihifadhi nakala mpya juu ya nakala za zamani. Mafaili ya kabla ya ile GB 8 ndiyo unayoweza kuyaamini, yaweke mbali. Ile mitihani ya mwalimu ifungue kwenye mashine nyingine, iprinti, mkae wawili mmoja asome na mwingine afuatilie, hasa namba. Ukishaondoa kibovu, ndipo unapiga Windows mara ya mwisho. Kama hutaki kupiga, fungua dirisha la amri kama msimamizi, uanze na `DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`, ikiisha ufuatishe `sfc /scannow`, itarekebisha mafaili ya Windows yaliyoandikwa yakiwa yamechafuka. Mafaili yako mwenyewe hakuna amri ya kuyarudisha.

Kuhusu fundi wa kwanza: hakukuibia, alitibu asichokipima. Na zile siku nne tano za afya zina maelezo yake. Windows mpya haina kitu, inatumia GB 2 au 3 tu, kwa hiyo uwezekano wa kukanyaga kindoo kibovu katikati ya GB 12 ni mdogo. Siku ya tano umesharudisha Chrome na kurasa zake ishirini, Word tatu zimefunguka, foleni ya wanafunzi iko mlangoni, RAM imejaa, na mtu anakanyaga. Yeye akaona dawa imeisha nguvu, akaongeza dozi.

Mimi kwa barua yako pekee ningeweka hela yangu kwenye ile GB 8. Leo jioni unaweza kuichomoa ukafanya kazi na GB 4 wiki mbili, kwa taabu. Ikitulia muda wote huo, umepata jibu bila kulipa mtu, ila Memtest uipige hata hivyo, kwa sababu utahitaji picha ya ile mistari myekundu kwenye simu yako utakaporudi kwa aliyekuuzia. Akikurudishia hela, mwombe mbele yako aikate stiki kwa koleo. Asipoikata itarudi mezani kesho ikiwa imesuguliwa raba, na huenda ndivyo ilivyokufikia wewe.